Msaidizi wa AI hakumbuki mradi wako: namna ya kumwandikia muktadha unaodumu

Chukua mradi ambao fedha zote huhifadhiwa kwa senti, kama namba kamili. Asubuhi mhandisi anamweleza msaidizi wa AI jambo hilo, naye anarekebisha hesabu tatu bila kosa. Mchana yanafunguliwa mazungumzo mapya, na msaidizi yuleyule anaandika `jumla * 0.1` kisha anahifadhi jibu lenye desimali. Wengi hapo husema amesahau. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mahali alipoliweka jambo lile, na ukishalielewa hili vizuri, karibu kila uamuzi kuhusu muktadha wa kudumu unakuwa rahisi.

Modeli ya lugha iliyo ndani ya msaidizi huyo haijifunzi chochote unapozungumza nayo. Vigezo vyake viliwekwa mafunzo yalipokwisha, na havibadiliki kwa maneno yako. Kila unapotuma ujumbe, programu unayoitumia hukusanya upya kila kitu na kukituma kwa modeli kwa mkupuo mmoja: maelekezo ya aliyetengeneza zana, orodha ya vitendo ambavyo msaidizi anaruhusiwa kufanya, maneno yako tangu mwanzo, majibu yake, faili alizofungua, na matokeo ya kila amri aliyoendesha. Furushi hilo lazima lienee ndani ya dirisha la muktadha, ambalo hupimwa kwa tokeni. Modeli nyingi zinazotumika kuandika msimbo zina dirisha la tokeni 200,000 au zaidi, na baadhi hufika milioni 1. Tokeni ni kipande cha neno. Kwa Kiingereza, tokeni 100 ni takriban maneno 75. Kwa Kiswahili, neno kama "hawakutuandikia" hukatwa vipande kadhaa, kwa hiyo maneno yaleyale 75 hula tokeni nyingi zaidi.

Mazungumzo yakifungwa, furushi hutupwa. Kinachoitwa kumbukumbu kwenye zana hizi ni maandishi yaliyowekwa kwenye faili, ambayo hurudishwa ndani ya furushi mazungumzo mengine yanapoanza. Kwa hiyo kila mstari wa faili hiyo husomwa upya kila siku, hata siku unapofanya kazi isiyouhusu kabisa, na kila mstari hushindania usikivu wa modeli pamoja na msimbo wenyewe.

Faili gani, na husomwa lini

Kila zana ya kuandika msimbo ina faili yake. Claude Code husoma `CLAUDE.md` iliyo kwenye mzizi wa mradi (folda yake ya juu kabisa), pamoja na ile ya mtumiaji binafsi iliyo katika `~/.claude/CLAUDE.md`. Codex husoma `AGENTS.md`, jina ambalo zana nyingine nyingi zimelipokea tangu 2025. GitHub Copilot hutafuta `.github/copilot-instructions.md`. Cursor hutumia folda ya `.cursor/rules`, na kanuni zake huandikwa kwenye faili za `.mdc`. Gemini CLI ina `GEMINI.md`. Ndani yake zote ni maandishi ya kawaida ya Markdown; zinatofautiana kwa majina na kwa wakati wa kusomwa.

Timu inayotumia zana mbili isiandike maelekezo mara mbili, maana baada ya wiki chache nakala zitaanza kupingana. Weka kila kitu kwenye `AGENTS.md`, kisha ndani ya `CLAUDE.md` andika mstari mmoja tu: `@AGENTS.md`. Claude Code itaivuta yenyewe. Kwenye Linux na macOS waweza pia kutumia `ln -s AGENTS.md CLAUDE.md`, amri inayoifanya `CLAUDE.md` kuwa kiungo cha kuelekea `AGENTS.md`, lakini kwenye Windows viungo vya namna hiyo huleta usumbufu wa ruhusa, hivyo ule mstari mmoja ndio salama zaidi.

Faili zilizo ndani ya folda ndogo zinahitaji uangalifu. Claude Code husoma `malipo/CLAUDE.md` pale tu msaidizi anapofungua faili iliyo ndani ya `malipo/`. Kanuni inayosema "msimbo wowote wa malipo uwekwe humu, usitawanywe kwingine" ikikaa ndani ya folda hiyo haitamfikia anayeihitaji, kwa sababu yeye wakati huo yuko nje. Kanuni hiyo ni ya mzizi. Codex nayo hukusanya faili kuanzia mzizi hadi folda ulipoanzishia kazi, na kwa mpangilio wake wa awali hukomea kilobaiti 32 kwa jumla. Faili ya mzizi ikinenepa, zile za ndani ndizo zinazokosa nafasi.

Kinachostahili kuandikwa

Fikiria mhandisi hodari aliyejiunga leo, anayeweza kusoma faili yoyote ya mradi kwa sekunde chache. Angekosea wapi? Andika hapo, na kwingine nyamaza. Sentensi "mradi huu unatumia TypeScript" haina kazi, kwa kuwa `package.json`, faili inayoorodhesha maktaba za mradi, inasema hivyo na msaidizi ataifungua. Mfano wa faili yenye manufaa ni huu:

```
# Mfumo wa ankara

## Amri
- Jaribio moja: pnpm vitest run njia/ya/faili.test.ts
- Majaribio yote: pnpm test (dakika 9, endesha mwishoni tu)
- Ukaguzi wa aina: pnpm tsc --noEmit

## Yasiyoonekana kwenye msimbo
- Fedha ni namba kamili za senti. Hesabu zote zipite
  src/fedha/hesabu.ts, kwa sababu kanuni ya kukadiria iko humo.
- src/kizazi/ hutengenezwa na `pnpm gen`. Badilisha
  schema/api.yaml, kisha endesha amri hiyo.
- Faili ya db/mabadiliko/ ikishaunganishwa haiguswi, ongeza
  mpya. Seva za wateja zimeshaiendesha ile ya zamani.
- Muda huhifadhiwa kwa UTC. Hugeuzwa unapoonyeshwa tu.

## Msamiati
- Ankara = Invoice. Risiti = Receipt. Usichanganye.
- Account ni kampuni. Mtu mmoja ndani yake ni Member.

## Mfano wa kufuata
- Huduma mpya: iga src/ankara/tuma.ts
- src/zamani/ ni mtindo wa kale, usiuige.
```

Zile dakika 9 zimeandikwa kwa sababu msaidizi hupenda kuendesha majaribio baada ya kila badiliko dogo. Asipojua, ataendesha yote, atagonga kikomo cha muda cha zana, kisha maelfu ya mistari ya matokeo yatajaa dirishani. Amri ya jaribio moja ndiyo mstari wenye faida kubwa kuliko yote kwenye faili nyingi.

Sababu zilizoambatishwa nazo zina kazi yake. Kanuni isiyo na sababu hufuatwa pale tu hali inapofanana na maneno yake. Msaidizi akijua kwamba kanuni ya kukadiria, yaani ya kufanya sehemu za senti ziwe namba kamili, iko mahali pamoja, atapeleka hapo hata kazi ambayo hukuitaja, kama vile kugawa punguzo la senti 100 kwa mistari mitatu ya ankara bila senti moja kupotea. Ile ya `db/mabadiliko/`, folda ya faili zinazobadilisha muundo wa hifadhidata, ni muhimu zaidi. Msaidizi akiona kosa ndani ya faili ya kale, kwa silika atalisahihisha palepale. Majaribio yatapita, maana huanza na hifadhidata tupu. Kwenye seva inayofanya kazi faili ile imeshaendeshwa, haitaendeshwa tena, na muundo wa hifadhidata utatofautiana na ule ambao msimbo unautarajia.

Sehemu ya msamiati hupuuzwa mno, na kwa timu zinazozungumza Kiswahili huku msimbo ukiwa na majina ya Kiingereza, ndiyo inayookoa muda zaidi. Ukimwambia msaidizi "rekebisha risiti zinazotoka mara mbili", lazima abahatishe kama ni `Receipt`, `Invoice` au faili ya PDF anayotumiwa mteja. Mstari mmoja humwondolea kubahatisha. Unaweza kuandika faili nzima kwa Kiswahili. Modeli kubwa zinakielewa. Sharti ni moja: majina ya faili, ya vitendaji na ya amri yaandikwe kama yalivyo, herufi kwa herufi. Ukiandika "lile faili la hesabu" badala ya `src/fedha/hesabu.ts`, umemtuma akatafute.

Claude Code ina amri ya `/init`, ambayo husoma mradi na kuandika rasimu ya faili hii. Itumie kama kiunzi tu. Rasimu hiyo huwa maelezo ya kile msaidizi alichokiona, yaani kile ambacho ataweza kukiona tena bila wewe. Kata sehemu kubwa, kisha ongeza yale ambayo yako vichwani mwa watu.

Kwa nini maelekezo hayafuatwi

Maelezo rasmi ya Claude Code yanashauri kila `CLAUDE.md` isizidi mistari 200. Shida haiko kwenye nafasi: mistari 200 yenye maneno kumi kumi ni maneno 2,000, ambayo hata kwa Kiswahili ni asilimia chache tu ya dirisha la tokeni 200,000. Shida ni usikivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu muktadha mrefu ulionyesha kwamba modeli zilitumia vizuri taarifa zilizo mwanzoni na mwishoni, na vibaya zaidi zile zilizofukiwa katikati. Modeli zilizofuata zimeimarika, ila kanuni ya 140 kati ya 300 bado inafuatwa kwa kusuasua kuliko ya tatu kati ya kumi na mbili.

Kisha kuna kanuni ambazo haziwezi kupimwa. "Andika msimbo safi" haimwelekezi mtu wala mashine. Andika "makosa yarudishwe kwa `Result`, yasirushwe" (`Result` ni thamani inayobeba jibu au kosa), ili ukitazama badiliko uweze kusema amefuata au hakufuata. Makatazo matupu nayo humwacha njia panda: "usitumie moment" (maktaba ya tarehe) haisemi atumie nini. "Tarehe: tumia date-fns, moment imebaki ndani ya `src/zamani/` tu" inamaliza kazi.

Lakini mpinzani mkubwa wa faili yako ni msimbo ulio jirani. Msaidizi huiga anachokiona. Faili ikisema makosa yarudishwe kwa `Result` huku huduma 30 zilizo kando yake zikiyarusha, mara nyingi ataungana na wale 30, na kusema kweli hata mhandisi mgeni angefanya hivyo. Hapa aya ndefu haisaidii. Kinachosaidia ni kumwonyesha faili moja nzuri ya kuiga na kumtajia waziwazi eneo lililochakaa, kama mfano wa juu ulivyofanya mwishoni.

Maelekezo yanayopingana ni hatari kwa sababu hayapigi kelele. Faili yako binafsi inasema "eleza kila hatua", ya mradi inasema "jibu kwa ufupi". Modeli itachagua moja bila kukuarifu, na kesho inaweza kuchagua nyingine. Neno MUHIMU kwa herufi kubwa husaidia likitumika mara moja au mbili. Likiwa kwenye kila mstari, halitofautishi chochote.

Mazungumzo marefu nayo yana tatizo lake. Dirisha likikaribia kujaa, zana hufupisha yaliyopita na kuendelea na muhtasari. Claude Code hufanya hivyo yenyewe au kwa amri ya `/compact`. Agizo ulilolitoa katikati ya mazungumzo laweza kupotea kwenye ufupisho huo, ilhali `CLAUDE.md` ya mzizi husomwa upya kutoka kwenye diski. Kwa hiyo ukimsahihisha msaidizi jambo lilelile mara ya pili, acha kulirudia kwenye mazungumzo. Liandike kwenye faili.

Si kila jambo linahitaji kudumu sawasawa

Kanuni za eneo moja zisipande mzizini. Kwenye Cursor, kichwa cha faili ya `.mdc` hubeba `globs: src/api/**` na `alwaysApply: false`, na kanuni huingia faili za eneo hilo zinapohusika. Copilot hufanya vivyo hivyo kwa `.github/instructions/api.instructions.md` yenye `applyTo: "src/api/**"`. Angalia nyota: `src/api/*` hushika ngazi ya kwanza tu, na folda zilizo ndani zaidi hubaki bila kanuni, bila onyo lolote.

Maelezo marefu yawekwe kwenye `docs/`, na faili kuu itaje lini yasomwe: "Kabla ya kugusa upatanisho wa malipo, soma docs/upatanisho.md". Kosa la kawaida kwenye Claude Code ni kuandika `@docs/upatanisho.md` kwa nia hiyohiyo. Alama ya `@` huivuta faili nzima mwanzoni mwa kila mazungumzo, hivyo kurasa ulizotaka kuzitenga zinarudi zote mlangoni. Taja njia ya faili bila alama hiyo, pamoja na sharti la kuisoma.

Kazi ya siku kadhaa ina muktadha wake, ambao hauingii kwenye faili kuu kamwe. Mali bila daftari hupotea bila habari: fungua `mpango.md` kwenye tawi la kazi hiyo, yaani mkondo wake wa mabadiliko ndani ya Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo), na kabla ya kufunga mazungumzo mwagize msaidizi aandike lengo, yaliyokamilika, yaliyobaki, na yaliyojaribiwa yakashindikana pamoja na sababu. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Bila hilo, mazungumzo ya kesho yataipita njia ileile iliyoziba, kwa ujasiri uleule. Kazi ikiunganishwa, futa faili. Uamuzi utakaodumu uhamishie kwenye kumbukumbu za maamuzi ya usanifu, ukurasa mmoja kwa uamuzi mmoja: hali ilivyokuwa, kilichoamuliwa, matokeo yake. Mtindo huo ulipendekezwa na Michael Nygard mwaka 2011, kabla ya wasaidizi hawa kuwapo, na unawafaa vizuri kwa sababu hueleza kwa nini.

Baadhi ya zana hujiandikia maelezo zenyewe. Yasome mara kwa mara. Siku seva ya majaribio imezimika, msaidizi aweza kuandika "majaribio ya malipo huanguka, yarukwe", na tangu hapo akayaruka hata pale yanapoanguka kwa haki.

Yasiyopaswa kuwa maandishi

Nafasi za mistari, mpangilio wa maktaba zinazoingizwa, kutosukuma msimbo moja kwa moja kwenye tawi kuu: haya yasiombwe kwa maneno. Kipanga-msimbo, linta (programu inayokagua msimbo na kuonyesha makosa) na ulinzi wa tawi huyasimamia bila kuchoka. Modeli hufuata maelekezo kwa uwezekano mkubwa, na uwezekano mkubwa hautoshi kwa jambo ambalo halipaswi kutokea hata mara moja.

Claude Code ina kulabu, yaani amri zako zinazoendeshwa msaidizi anapofanya tendo fulani; huwekwa kwenye `.claude/settings.json`. Ya `PostToolUse` yaweza kupanga msimbo kila faili inapohaririwa. Ya `PreToolUse` yaweza kuzuia tendo kabla halijafanyika: programu yako ikimalizika kwa namba 2, tendo hukataliwa, na ujumbe wake wa kosa humrudia msaidizi. Zuia hivyo uhariri wowote ndani ya `src/kizazi/`, na ujumbe useme: "Faili hii hutengenezwa. Badilisha schema/api.yaml, kisha endesha pnpm gen." Ujumbe mzuri wa kosa ni muktadha unaofika wakati hasa unapohitajika, na kabla ya hapo hauli tokeni hata moja. Muda unaotumia kuboresha ujumbe wa linta unalipa zaidi ya aya kumi kwenye faili kuu.

Kuhusu MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024 ya kuunganisha wasaidizi na mifumo mingine: inafaa kwa taarifa zinazobadilika, kama orodha ya kazi au muundo wa sasa wa hifadhidata. Kila seva unayoiunganisha huongeza maelezo ya zana zake kwenye furushi. Zima usizozitumia.

Kupima, kupogoa, kulinda

Kwanza hakikisha faili inasomwa. Kwenye Claude Code, `/memory` huonyesha zilizopakiwa. Kwenye zana yoyote, fungua mazungumzo mapya na uulize: "Bila kufungua faili yoyote, amri ya kuendesha jaribio moja ni ipi?" Jibu sahihi linathibitisha kwamba maandishi yamefika, ila kukariri si kufuata. Mpe kazi ndogo inayogusa kanuni, tazama badiliko alilofanya, rudia mara tatu katika mazungumzo matatu tofauti, kwa kuwa majibu hutofautiana. Kisha ondoa mstari huo na urudie. Kama matokeo hayabadiliki, mstari ulikuwa abiria, ushushe.

Mstari uliopitwa na wakati ni mbaya kuliko mstari usiokuwapo, maana msaidizi atauamini. Folda ikibadilishwa jina na faili ikabaki ya zamani, anaweza kuiunda upya ile folda ya kale na kuandika humo. Ukaguzi huu mfupi, ukiendeshwa kila ombi la kuunganisha linapoletwa, hukamata sehemu kubwa ya makosa hayo:

```
grep -oE '(src|docs|db|schema)/[A-Za-z0-9_./-]+' AGENTS.md |
  sort -u | while read -r p; do
    [ -e "$p" ] || echo "Haipo: $p"
  done
```

Njia ya faili isimalizie sentensi, la sivyo nukta itahesabiwa kuwa sehemu ya jina. Mabadiliko ya faili yenyewe yapitiwe na mtu mwingine kama msimbo wowote, kwa sababu mstari mmoja mbaya hapa hugusa kazi ya kila mtu kuanzia asubuhi inayofuata.

Faili hii huingia kwenye Git na hutumwa kwa mtoa huduma wa modeli, basi nywila, funguo za API na majina ya wateja yasiwemo. Mambo yako binafsi, kama anwani ya seva ya mashine yako, yawekwe kwenye `CLAUDE.local.md`, nayo iongezwe kwenye `.gitignore`.

Tahadhari ileile inahusu miradi ya wengine. Ukipakua mradi usioujua, faili yake ya maelekezo inazungumza na programu inayoweza kuendesha amri kwenye kompyuta yako. Isome kabla ya kumwita msaidizi, na usiridhike na macho peke yake: mwaka 2025 ilionyeshwa kwamba maelekezo mabaya yanaweza kufichwa kwa herufi za Unicode zisizoonekana kwenye skrini. Kwa `grep` ya GNU, amri `grep -nP '[^\x00-\x7F]' AGENTS.md` huonyesha kila mstari wenye herufi nje ya zile za msingi. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo kwenye faili iliyoandikwa kwa Kiswahili, ukiacha alama za nukuu zilizopinda na vistari virefu, karibu kila kitakachojitokeza kinahitaji maelezo kutoka kwa aliyekiweka.